Kupima Kaa Sultan Hamud

Bahari niliijua kwanza kwa harufu, na harufu yenyewe ililetwa na pikapu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mimi nimepita arobaini, sijawahi kuvuka Mtito Andei, na kazi yangu ilikuwa kupima kaa. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie mashua. Hakuna mashua. Kuna veranda ya hoteli moja Sultan Hamud, meza ya mbao, ndoo mbili za maji, mizani ya kuning'iniza, na rula ya chuma yenye meno mawili, ambayo hubana kitu ikakuonyesha upana wake.

Kabla ya hapo nilikuwa dalali wa mbuzi, masoko ya Kitui na Kanyangi. Kisha mvua ikakosa misimu miwili, mbuzi wakawa mifupa, na dalali asiye na mbuzi ni mtu anayesimama juani bure. Nikahamia Sultan Hamud, ambako angalau barabara ilikuwa na watu. Siku moja nilikuwa hapo verandani nikibishana na mzee aliyedai beberu wake ana miaka miwili. Nikamfungua mbuzi mdomo, nikahesabu meno, nikahesabu tena. Mgeni mmoja aliyekuwa akinywa chai akageuza kiti.

"Mzee, mbona umehesabu mara mbili?"

"Mara ya kwanza nilikuwa bado nasikia maneno ya mwenye mbuzi," nikamwambia. "Mara ya pili nimehesabu meno."

Akacheka, akaniuliza kama najua kuandika. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya samaki kutoka pwani, kijana mstaarabu mwenye miwani na viatu vilivyoharibiwa na chumvi. Akanieleza shida yake. Kulikuwa na hori moja kule kusini, mkono wa bahari ulioingia ndani ya mikoko, na watu wa huko waliishi kwa kuvua kaa. Alitaka kujua kama kaa wanavuliwa haraka kuliko wanavyozaliana. Lakini kila akifika ufukweni na karatasi zake, kaa wanapotea. Huteremshwa sehemu tano tofauti, naye ni mtu mmoja.

"Lakini karibu wote hununuliwa na mama mmoja," akasema. "Hupakiwa kwenye pikapu moja, Jumanne na Ijumaa, kwenda mahoteli ya Nairobi. Na pikapu hiyo husimama hapa asubuhi kumwagia magunia maji."

"Kwa hivyo wewe badala ya kwenda baharini, unataka bahari ije hapa."

"Ndiyo hivyo."

"Hiyo nimeipenda."

Tukapatana. Sitaeleza tulivyopatana, ila aliondoka akiwa ameongeza kitu ambacho hakuwa amekipanga, gambuti mpya, zile buti ndefu za mpira.

Hesabu yake niliielewa haraka kwa sababu ni ya mbuzi. Ukiona sokoni watu wanaanza kuleta wadogo na wenye mimba, ujue nyumbani zizi limekwisha. Kazi yangu ilikuwa kupima upana wa gamba, uzito, na kuandika kama ni dume au jike, kisha kutuma karatasi kila mwisho wa mwezi.

Jumanne ya kwanza pikapu ikafika na matenga kumi na manne yaliyofunikwa magunia yaliyolowa. Yule mama akashuka. Alikuwa mtu mzima, leso mbili, sauti ya kuita ng'ambo ya maji. Mtaalamu alikuwa amemwambia tu kwamba kuna mtu atapima. Akaniangalia gambuti.

"Wewe ndiye? Umewahi kumwona kaa?"

"Leo, mama."

"Ehe. Tumekwisha."

Kaa wa kwanza alinishika kidole kabla mimi sijamshika yeye. Walikuwa wamefungwa magando kwa ukindu, lakini huyo mmoja alikuwa amelegeza kifungo njiani akimsubiri Mkamba wake.

"Nyuma, shika nyuma!" mama akapiga kelele. "Huyo si mbuzi umshike pembe!"

"Mwambie aachie, mama! Nyinyi ndio mnaojuana!"

Wateja wote wa hoteli wakatoka kutazama, na hakuna aliyekuja kunisaidia. Mama alipokwisha kunitoa, na kunicheka vya kutosha, akanifundisha. Unamshika kwa nyuma, vidole juu na chini ya gamba. Unamgeuza tumbo juu: dume ana kifuniko chembamba kilichochongoka, jike ana kipana kama upawa wa kupakulia. Jike mwenye mayai hubeba fungu zima chini ya kifuniko hicho, kama sifongo. Nilijua yote hayo kabla ya chai kupoa.

Ndipo akaniuliza, "Na haya maandishi ni ya nini?"

Hapa nataka kukiri. Dalali hamwambii mtu kwa nini anauliza. Ukiulizwa, unajibu kifupi na kuangalia pembeni. Basi nikajibu kifupi.

"Ya serikali."

Mama akafunga leso yake vizuri.

Tuliendelea hivyo. Sultan Hamud walinizoea kidogo kidogo. Mwenye hoteli aliniomba niwe nikianza kazi baada ya watu kumaliza chai, maana kuna waliodai kaa ni buibui aliyesomeshwa. Mzee mmoja wa kanisa letu alinishika mkono Jumapili na kunisomea Mambo ya Walawi, mahali panaposema juu ya viumbe wa majini wasio na mapezi wala magamba. Nikamwambia, mzee, mimi siwali, nawapima tu. Akafikiri, akasema basi ninawe mikono kabla ya kushika sahani ya sadaka.

Mwezi wa kwanza kaa walikuwa wakubwa. Wengine ilibidi nifungue rula mpaka mwisho. Mwezi wa pili wakapungua upana. Mwezi wa tatu wakapungua tena. Mimi niliandika nilichokiona, nikapima mara mbili, nikatuma. Wa nne ulipokwisha mtaalamu akaja mwenyewe, siku ya Jumatatu, uso wake umeanguka. Akatandaza karatasi mezani. Alikuwa amechora mstari, na mstari ulikuwa unashuka.

"Wakubwa wameisha, mzee. Miezi minne tu. Sijaona hori likishuka namna hii."

"Sasa?"

"Tunalifunga. Miaka miwili, mtu asiingie na chuma chake cha kuvutia kaa mashimoni. Nimeshaandika pendekezo. Nitapita hapa Ijumaa nikielekea Nairobi, nipime mara moja kwa mkono wangu, kisha nilipeleke."

Nikamuuliza watu wa huko watakula nini. Akavua miwani, akaifuta. Alisema hilo halimfurahishi, lakini akiacha sasa, baada ya miaka miwili hakutakuwa na kitu cha kufunga. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, usiku ule ningelala.

Jumanne pikapu ikafika, na ilinibidi nimwambie mama. Ni mimi niliyeandika, nikaona si haki asikie kwa mwingine. Alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini polepole.

"Miaka miwili."

"Ndivyo alivyosema."

"Wewe Mkamba. Unajua ni nyumba ngapi zinakula kwa matenga haya? Wajane wawili hushika kaa kwa mkono, hawana hata chuma. Mimi nina wajukuu shuleni. Nimekufundisha kumshika kaa, na wewe umetuua kwa rula!"

Dalali asiye na jibu huangalia mzigo, kwa hiyo nikaenda nyuma ya pikapu nikaanza kuteremsha matenga. Nikayahesabu yakiwa chini. Kumi na mawili. Nikarudia, kumi na mawili. Hiyo haikunishtua, yalikuwa kumi na mawili kwa wiki kadhaa sasa, na kabla ya hapo kumi na matatu, na mwanzoni kabisa kumi na manne. Nilikuwa nimeyaandika yote pembeni mwa karatasi kwa mazoea tu, kwa kuwa mtaalamu aliomba upana na uzito, hakuomba matenga.

Kilichonishtua ni sakafu ya pikapu. Tenga la kaa hudondosha maji ya matope njia nzima, na linapoinuliwa huacha alama ya mviringo, kama glasi kwenye meza. Nikahesabu alama. Kumi na nne. Nikapanda juu ya gari, nikazihesabu tena nikizigusa kwa kidole moja moja. Kumi na nne, na zile mbili za mwisho, karibu na mlango, zilikuwa zimeanza kukauka kandokando lakini katikati bado mbichi. Hazikuwa na hata saa moja.

Nikakaa hapo hapo juu ya gari. Nikakumbuka karatasi zangu. Mstari wa mtaalamu ulikuwa mteremko kwa sababu aliuchora kwa miezi. Mimi niliwapima kaa kwa siku, na kwa siku haukuwa mteremko hata kidogo, ulikuwa ngazi. Wiki hii wakubwa wapo, wiki inayofuata wamekatwa kama kwa panga, na siku hiyo hiyo tenga moja limepungua. Kisha wametulia wiki nyingi. Kisha wamekatwa tena, na tenga la pili limekwenda. Zizi linaloisha haliishi hivyo. Hubaki beberu mzee mmoja hapa, mmoja pale. Sokoni ukikosa wakubwa wote kwa siku moja, ujue kuna mtu amesimama barabarani kabla ya soko akawachagua. Najua kwa sababu mtu huyo aliyekuwa akisimama kwenye njia ya Kanyangi asubuhi na mapema, miaka minane, alikuwa mimi. Na bado ilinichukua miezi minne.

Nikashuka.

"Mama, umeshusha nini huko nyuma?"

"Nishushe nini? Unanihesabia na safari?"

"Matenga kumi na mawili. Alama kumi na nne."

"Alama za jana hizo."

"Jana gari hili lilikuwa linaoshwa. Dereva ameniambia mwenyewe linaoshwa kila Jumatatu."

Dereva alikuwa mpwa wake. Akageuka akaanza kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote. Mama akamtazama, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti.

"Emali," akasema. "Kuna mtu Emali ananiwekea kivulini. Gari la mboga huyapitia mchana na kuyafikisha Nairobi."

"Wale wakubwa?"

"Wale wakubwa."

"Kwa nini, mama?"

Akapandisha sauti, na sauti yake ilikuwa na hasira ya haki. "Kwa nini? Si wewe ulisema ni ya serikali? Mtu wa serikali akiona kaa mkubwa anaona ushuru mkubwa! Mimi mtoto mdogo? Nikasema wacha aone wadogo wadogo, atuhurumie, aende zake. Tenga moja kwanza. Ukaandika tu, hukusema kitu. Nikaongeza la pili."

Sasa nilielewa vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza, kwamba hori lilikuwa zima. Niliona miguu yangu imekuwa myepesi ndani ya zile gambuti. Cha pili, kwamba maneno yangu mawili ya kujifanya mjanja ndiyo yaliyoanza mambo yote haya. Hicho cha pili nilikiweka kando kwa muda.

"Mama, Ijumaa leta yote kumi na manne."

"Ili anifunge mimi badala ya hori? Mimi niliyewaficha?"

"Akiwaona atajua kaa wapo."

"Akiwaona atajua mimi ni mwongo. Watu wa serikali nawajua kuliko wewe."

Hakuwa anabishana kwa kubishana. Aliogopa, na kwa mtu anayeogopa bei haishuki. Nikamwambia habari ya baba yangu. Nilipokuwa mdogo walikuja kuhesabu ng'ombe kijijini kwetu. Baba, kama wazee wengine wote, alipeleka nusu ya kundi ng'ambo ya mto usiku wa kuamkia siku hiyo, akabaki na wale wenye mbavu nje. Wahesabuji wakahesabu, wakasikitika, wakaenda. Wazee wakacheka wiki nzima. Mwaka uliofuata ikaja habari ya majosho ya ng'ombe, kila eneo josho lake. Letu hatukupata. Walisema hatuna ng'ombe wa kutosha.

"Tulipeleka ng'ombe josho la mbali miaka na miaka," nikasema. "Baba mbele, akitukana njia nzima, na hakuna hata mtu mmoja wa kumtukana ila yeye."

Mama akacheka kidogo bila kutaka. Kisha akauliza, "Na ushuru?"

"Sikujua habari ya ushuru mimi. Huyu ni mtu wa kaa. Nilipaswa kukwambia siku ile. Ni mimi."

"Ni wewe," akasema. "Andika hilo pia."

Lakini hakusema ataleta. Alimwagia magunia maji, akapanda gari, wakaenda. Siku tatu hizo nilizipanga karatasi upya, kwa siku badala ya mwezi, na pembeni nikaandika hesabu ya matenga kwa wino mwekundu. Kama asingeleta, ningebaki na alama za matope zilizokwisha kuoshwa, na neno langu.

Ijumaa mtaalamu alifika kabla ya pikapu. Nikamwonyesha karatasi. Alizisoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Ngazi," akasema.

"Ngazi."

"Lakini, mzee, hii inaniambia matenga yamepungua. Hata hori likiisha matenga yatapungua. Sijaona kaa wenyewe."

Alisema kweli. Tukasubiri. Jua likapanda, lori likapita, basi likapita. Nilianza kumweleza habari za meno ya mbuzi ambazo hakuuliza. Hatimaye pikapu ikaingia, ikasimama mbali kidogo kuliko kawaida, na mama hakushuka. Nikaenda nyuma ya gari nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Nikafika kumi na nne. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili, kwa sababu furaha huongeza vitu.

"Kumi na manne!" nikaita, kwa sauti ambayo hata stesheni ya reli nadhani waliisikia.

Mtaalamu akafungua mwenyewe yale mawili ya mwisho. Kaa wa kwanza aliyemtoa alikuwa dume, magando kama ngumi za mpiga ndondi. Akaweka rula. Rula ikafunguka mpaka mwisho ikakataa. Akatoa wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja alimshangilia kimya kimya, akihema kama mtu aliyetua gunia. Nilimwona akigeuka pembeni kufuta miwani, na haikuwa na vumbi.

Ndipo mama akashuka.

"Ni mimi niliyewaficha," akasema. "Fanya unalofanya."

"Mama," mtaalamu akasema, "nilikuwa nakwenda kufunga hori zima leo."

"Najua. Ndiyo maana nimewaleta."

Mtaalamu hakumgombeza. Alimwomba akae, naye akakaa upande wa pili wa meza. Lakini kijana huyo alikuwa mtaalamu kweli, na furaha haikumpofusha. Hori si tupu, akasema, lakini katika matenga haya mengine kumi na mawili kuna wadogo wengi mno, na kuna majike wenye mayai. Wakiendelea kuvua hivyo, atarudi baada ya miaka mitano na kalamu ile ile kulifunga. Alitaka asichukuliwe kaa chini ya sentimita kumi na tano. Mama akasema kumi, na kwamba kumi na tano ni kaa wa ndotoni. Alitaka tawi la juu la hori lipumzishwe miezi sita kila mwaka. Mama akasema wiki mbili.

Hapo nikajisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu niache mbuzi. Nikamshika mtaalamu mkono wa kulia, na mama nikamshika wa kwake, kama tunavyofanya sokoni, nikawaambia siwaachi mpaka wapatane.

"Mwanangu, sema kumi na nne."

"Mzee, kumi na nne wadogo watapita—"

"Mama, sema kumi na mbili."

"Kumi na mbili nitasema, lakini wewe Mkamba unanivunja kidole!"

Tulimaliza kwa kumi na tatu. Wenye mayai warudishwe majini hapo hapo, hilo mama alikubali bila kupunguza; alisema hata yeye huwa hapendi kuwaona kwenye tenga. Tawi la juu likapata miezi miwili. Mtaalamu akageuza lile pendekezo lake la kufunga, akaandika masharti mapya nyuma yake, na mama akaniambia nimsomee. Nikamsomea, kisha nikamsomea tena kabla hajauliza.

Jumanne iliyofuata mama alifika akiwa na habari. Alikuwa amewakusanya wavuvi wote na kuwaambia. Wawili walinung'unika kuhusu wadogo, akawauliza kama wanapendelea kukaa miaka miwili wakitazama mikoko, wakakubali. Wale wajane ndio walioanza kurudisha majike siku hiyo hiyo.

Akateremsha matenga yote kumi na manne, akavuta kiti kivulini, akaegemeza kichwa ukutani. Nilipokuwa nikiandika tenga la pili nikamuuliza kitu, hakujibu. Alikuwa amelala, mdomo wazi, leso imemteleza begani. Dereva akataka kumwamsha nikamzuia. Nilipima polepole kuliko siku zote. Nilipofika la mwisho bado alikuwa amelala, basi nikachukua ndoo nikayamwagia magunia maji mwenyewe, nikiangalia yasimrukie.